Bima ya Safari: Tunanunua Hofu au Amani?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa bega kwa bega, huonekana kana kwamba zinapigana mieleka. Ya kwanza yasema kuwa ajali haina kinga. Ya pili yatuasa tuchukue tahadhari kabla ya hatari. Mwanafunzi wa sekondari akitakiwa aeleze ni ipi iliyo na ukweli zaidi, huenda akababaika kidogo kisha akaandika insha yake na kuendelea na mambo mengine. Mzazi anayejiandaa kuivusha familia yake mipaka ya nchi wakati wa likizo hana nafasi hiyo. Jibu lake litamgharimu pesa. Je, akate bima ya safari, ama aridhike kwamba nauli aliyolipa yatosha na mengine ni ya Mola?

Swali hili limenikabili mimi mwenyewe majuma machache yaliyopita. Mimi na mke wangu tuliazimia kusafiri hadi Afrika Kusini kwa siku kumi pamoja na watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye ametimiza umri wa miaka 71. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida amekuwa akiruhusiwa kuingia nchini humo bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka; kwa hivyo hapakuwa na afisa wa ubalozi wa kunidai hati ya bima. Lau tungekuwa tunaelekea Ujerumani au Ufaransa, mjadala usingekuwepo, kwani nchi za mkataba wa Schengen humtaka mwombaji viza awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Zanzibar nayo ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kuwatoza wageni kutoka nje bima ya dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, inayodumu siku 92. Penye sharti hapana shauri. Penye hiari ndipo mtu hulazimika kufikiri.

Nyumbani kwetu maoni yaligawanyika. Shemeji yangu, ambaye ni mfanyabiashara hodari, alishikilia kuwa bima ni njia ya kuwatajirisha watu wenye maghorofa marefu mjini. "Shemeji," aliniambia, "wewe umehudhuria makongamano kote Afrika bila bima, na hujawahi kuumwa hata na kichwa. Hizo pesa wanunulie watoto viatu." Mke wangu alimjibu kwa sentensi moja tu: "Safari hii hasafiri peke yake."

Shemeji hakuwa amekosea kabisa, na ni haki kulikiri hilo. Kampuni ya bima haiwezi kudumu iwapo italipa fidia nyingi kuliko malipo inayokusanya. Hivyo basi, ukiwachukua wateja wote kwa jumla, wanatoa zaidi ya wanavyopokea. Anayenunua bima kwa matumaini ya kupata faida amepotea njia. Lakini je, huko ndiko kuitathmini bima ipasavyo?

Mimi ni mtu wa lugha, na ninapokwama katika jambo huwa ninalirudia neno lenyewe. Neno "bima" lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na maneno mengine mengi ya biashara. Wahindi wanalo, na wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na neno "bim" la Kiajemi, ambalo maana yake ni hofu. Waarabu, kwa upande wao, huiita bima "taamini", neno linalotokana na mzizi ule ule uliotupa sisi "amani", "imani", "amini" na "amana". Biashara ni ile ile moja. Huku imepewa jina la ugonjwa, kule jina la dawa. Sisi Waswahili tulichukua jina la hofu, na pengine ndiyo maana mawakala wengi hutuuzia bima kwa kututia woga kwanza.

Tena twasema "kukata bima", kama tusemavyo kukata tiketi. Ni kitenzi kile kile tukitumiacho katika kukata shauri na kukata tamaa. Ushauri wangu ni kwamba mtu akate shauri kabla ya kukata bima, asije akakata tamaa baadaye.

Na shauri lenyewe lategemea kutofautisha maneno mawili ambayo hata magazeti yetu huyachanganya: kinga na fidia. Chanjo ya homa ya manjano ni kinga. Huzuia maradhi yasiingie mwilini. Mkanda wa gari ni kinga. Bima haizuii chochote. Ndege haitaacha kuchelewa kwa sababu abiria amelipia bima, wala mbu hatasoma hati kabla ya kuuma. Bima ni fidia: ni ahadi kwamba hasara ikitokea, mtu mwingine atabeba sehemu ya gharama. Hapo methali zetu mbili zinaacha kupigana. Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini gharama ya ajali yaweza kutahadhariwa.

Tukishalielewa hilo, swali lenyewe hubadilika. Hatuulizi tena kama jambo baya litatokea, maana hakuna ajuaye. Twauliza: likitokea, je, familia hii itaweza kulilipia kutoka mfukoni mwake na kuendelea kuishi kama kawaida? Likiwezekana kulipwa, bima yake ni anasa. Lisipowezekana, bima yake ni lazima hata kama uwezekano wa kutokea kwake ni mdogo.

Chukua mfano wa mizigo. Wakala aliyenihudumia alianza na sanduku lililopotea, akalieleza kwa majonzi makubwa. Lakini abiria wa ndege ya kimataifa tayari ana haki yake. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaozifunga Kenya na Afrika Kusini, shirika la ndege hubeba dhamana ya mizigo iliyopotea, kuharibika au kuchelewa, hadi kiwango ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, yaani takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Linalotakiwa ni kuwahi: malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa katika muda wa siku 7, na ya uliochelewa katika siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Nguo za familia yangu hazifikii thamani hiyo hata zikipigwa mnada pamoja na masanduku yenyewe.

Matibabu ni jambo jingine. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya hazina ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hulipa hospitali zilizofunga mkataba nayo. Si mfuko wa kumfuata msafiri aliyeugua ghafla akiwa matembezini ng'ambo. Bima nyingi za waajiri nazo hukomea mpakani au huwa na kiwango kidogo nje ya nchi. Katika hospitali za kibinafsi za Afrika Kusini, mgeni asiye na dhamana ya bima hutarajiwa kuweka amana kubwa kabla ya kulazwa. Mvunjiko wa nyonga au kiharusi huweza kumlaza mtu majuma kadhaa, na kumrejesha nyumbani kwa ndege akiwa na daktari ubavuni ni gharama inayoweza kumeza akiba ya mhadhiri na nyumba yake pia.

Kuna na lile ambalo hatupendi kulitamka. Wangapi kati yetu hawajachangia harambee ya kuurejesha nyumbani mwili wa jamaa aliyefia ugenini? Tunakutana jioni baada ya jioni, daftari linapitishwa, na marehemu anasubiri katika chumba baridi huku hesabu ya siku ikizidi kupanda. Huo moyo wa kusaidiana ni fahari yetu. Hata hivyo, bima pia ni harambee. Tofauti ni kwamba bima huchangwa kabla ya msiba, na wachangaji hawajuani.

Basi nikaamua kwamba tutakata bima ya matibabu na ya kurejeshwa nyumbani, na kuachana na mapambo mengine. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwa maana nilikuwa bado sijaisoma hati.

Hati ya kampuni ya kwanza ilikuwa na kurasa 22 za Kiingereza cha mahakamani, kwa herufi ndogo mithili ya mbegu za mchicha. Katika sehemu ya mambo yasiyolipiwa niliona kifungu ambacho, kwa Kiswahili, kingesomeka hivi: kampuni haitalipa gharama itokanayo na ugonjwa wowote ambao mwenye bima aliujua au alipaswa kuujua kabla ya safari. Naomba mwanafunzi wa sarufi atulie hapa. "Kuujua" ni jambo la ushahidi: kuna cheti cha daktari au hakuna. "Kupaswa kuujua" ni jambo la hukumu, na anayehukumu si mgonjwa. Ni karani anayelikagua faili la madai akiwa ofisini, baada ya mambo kutokea. Kitenzi kisaidizi kimoja kimeuhamisha mzigo wote kutoka bega hili hadi bega lile.

Mama yangu ana shinikizo la damu. Ni kwa ajili yake hasa nilikuwa ninaitafuta bima hiyo, na ni yeye hasa ambaye kifungu kile kilimwacha nje. Wakala alipoulizwa alitabasamu, akasema kuwa hayo ni maandishi tu na kwamba "tukiwa na tatizo tutaongea". Sikumwamini. Ni kweli kwamba sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ina kanuni isemayo kuwa utata wa mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeuandika. Kanuni hiyo ni nzuri mbele ya jaji. Mbele ya kaunta ya hospitali usiku wa manane haimsaidii mtu.

Nilikwenda kwa kampuni ya pili. Hao walidai barua ya daktari wa mama, wakauandika ugonjwa wake ndani ya hati kuwa umekubaliwa, na kuongeza malipo yake karibu maradufu kwa sababu ya umri na hali yake. Nililipa. Mama aliponiuliza kwa nini yeye amekuwa ghali kuliko wajukuu zake, nilimwambia kwamba vitu vya kale vina thamani. Alicheka, kisha akataka asomewe karatasi ile neno kwa neno. Nikaifasiri ukurasa baada ya ukurasa hadi saa tano za usiku.

Usiku huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Mama si mjinga. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Lakini mkataba uliohusu moyo wake mwenyewe hakuweza kuuelewa pasipo mwana aliyesomea lugha. Je, wale wasio na mwana wa namna hiyo?

Mnamo mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, alitoa uamuzi mashuhuri katika kesi ya Carter na Boehm. Alieleza kuwa bima husimama juu ya uaminifu, kwa kuwa mnunuzi ndiye anayeyajua mambo yake na muuzaji humtegemea aseme kweli. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo kumnyima fidia msafiri aliyeuficha ugonjwa wake, na sina ugomvi nayo. Asiyesema ukweli asilalamike. Lakini uaminifu una pande mbili. Mnunuzi anaujua mwili wake. Muuzaji anayajua maneno yake. Ikiwa mimi natakiwa nimfunulie muuzaji siri za mwili wa mama yangu, yeye naye amfunulie mama yangu maana ya maneno yake, katika lugha anayoielewa.

Wala hilo si ombi la hisani. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa au huduma anayolipia. Hati ambayo mnunuzi hawezi kuisoma haijampa maelezo yoyote. Na asije mtu akadai kwamba Kiswahili hakina istilahi: Tanzania iliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na maneno kama fidia, dai, dhamana, mkataba na mnufaika yamo vinywani mwa watu. Mamlaka ya Kudhibiti Bima na iziagize kampuni zote zitoe hati ya Kiswahili sambamba na ile ya Kiingereza, kuanzia na ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, maana huo ndio wenye miiba.

Walimu wenzangu wanaweza kuanza kesho bila kungoja agizo. Chukueni kifungu kimoja cha bima, hasa ile inayowahusu wanafunzi mnaposafiri nao kwa ziara au mashindano, mkifanye kuwa zoezi la ufahamu. Waulizeni: nani atalipa, lini, na katika hali gani hatalipa? "Au" hii ingekuwa "na", maana ingebadilika vipi? Mtahiniwa anayeweza kujibu hayo ameimudu lugha kuliko yule aliyekariri ngeli zote. Na siku atakapowasafirisha wazazi wake, ataweza kutambua kabla ya kulipa kama anauziwa hofu au amani.