Kiti cha kuchaguliwa katika baraza la chuo kikuu: Nani humsemea mzazi wa Longisa?

MKULIMA wa majani chai katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, anapotaka kujua kwa nini bonasi yake imepungua, anaye mtu wa kumuuliza. Wakulima wenye hisa ndio huwachagua wakurugenzi wa kampuni ya kiwanda chao, kanda kwa kanda, na muhula ukiisha mkurugenzi hana budi kurudi kuwaomba kura.

Jirani yake wa Longisa, mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Bomet kuelekea Mulot na Narok, huuza mahindi na maziwa ili mwanawe asome chuo kikuu. Chuo kinapofungwa na kijana kurudi nyumbani na sanduku lake, mzazi huyo hajui amuulize nani. Uamuzi mzito wa chuo hupitishwa na baraza ambalo wajumbe wake hakuwachagua yeye, wala mwanawe, wala mhadhiri anayemfundisha mwanawe.

Mambo hayakuwa hivyo daima. Ili kuelewa kilichobadilika, yafaa kwanza kuelewa baraza lenyewe ni chombo gani.

Baraza, seneti na baraza la wanafunzi

Wasomaji wengi huchanganya vyombo vitatu. Seneti ndiyo yenye mamlaka juu ya taaluma: mitaala, mitihani na utoaji wa shahada. Baraza la wanafunzi ni chama cha wanafunzi wenyewe. Baraza la chuo, ambalo ndilo tunalolizungumzia hapa, ndilo mwajiri wa wafanyakazi, mlinzi wa mali na mwenye kauli ya mwisho kuhusu bajeti na sera. Ardhi ikiuzwa, mkopo ukichukuliwa au bajeti ikipitishwa, mkono wa baraza umo.

Chini ya sheria za zamani, ambapo kila chuo kikuu cha umma kilikuwa na sheria yake, kama ile ya Chuo Kikuu cha Moi ya mwaka 1984 na ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya mwaka 1985, baraza lilikuwa kubwa. Pamoja na wateule wa serikali, mlikuwa na viti vya wawakilishi wa seneti, wahadhiri na wanafunzi.

Haimaanishi kwamba demokrasia ilikuwa imestawi. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipouacha mtindo huo mwaka 2003. Hata hivyo, aliyechaguliwa na wenzake aliketi mezani, akazisoma karatasi za mkutano na kusikia hoja zote kwa masikio yake.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilizifuta sheria hizo na kulipunguza baraza hadi watu tisa. Hao ni mwenyekiti, makatibu wa wizara zinazohusika na elimu ya vyuo vikuu na fedha, wajumbe wengine wanaoteuliwa na Waziri kwa utaratibu ulio wazi, na Naibu Chansela ambaye huingia kwa wadhifa wake. Viti vya kuchaguliwa vikatoweka.

Hoja za kila upande

Hoja ya kupunguza viti haikuwa ya upuuzi. Baraza kubwa hukokota maamuzi. Zaidi ya hayo, mhadhiri anayeketi kwenye meza inayojadili mshahara wake mwenyewe, au mwanafunzi anayeamua karo atakayotozwa, ana maslahi yanayogongana na wajibu wake. Mwongozo, kanuni za usimamizi wa mashirika ya serikali zilizozinduliwa mwaka 2015, nao unapendelea bodi ndogo zenye watu wa taaluma mbalimbali.

Lakini aliyeteuliwa naye ana mwajibishaji wake. Mnamo Januari 2020, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Prof George Magoha, alibatilisha uteuzi wa Prof Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kulivunja baraza lililokuwa likiongozwa na Dkt Julia Ojiambo. Mvutano huo uliishia mahakamani, na Prof Kiama akarejea ofisini. Funzo lililobaki ni kwamba Waziri anayeteua anaweza pia kujaribu kuondoa. Mjumbe anayelijua hilo huenda akapima maneno yake kabla ya kuipinga wizara.

Mwaka 2016 mlango mwingine ulibanwa. Marekebisho ya sheria yaliondoa upigaji kura wa moja kwa moja wa wanafunzi katika kuwachagua viongozi wao, mahali pake wakawekwa wajumbe wanaopiga kura kwa niaba ya wenzao. Kwa hivyo mwanafunzi wa leo hamchagui moja kwa moja kiongozi wa chama chake, na kiongozi huyo naye hana kiti cha kisheria katika baraza la chuo.

Katika nchi jirani ya Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 ilihifadhi viti vya watu waliochaguliwa na wahadhiri, wanafunzi na wahitimu. Huko Uingereza, mkutano mkuu wa wahadhiri na maafisa wa Chuo Kikuu cha Oxford huchagua baadhi ya wajumbe wa baraza lao.

Kiti cha kuchaguliwa si dawa ya kila maradhi. Mnamo Novemba 2016, Rais Yoweri Museveni aliagiza Makerere ifungwe kufuatia mgomo wa wahadhiri waliodai malimbikizo ya marupurupu, ilhali viti hivyo vilikuwepo. Uchaguzi hauleti pesa ambazo hazipo.

Mjumbe si tarishi

Kosa kubwa la wanaochaguliwa, na la wanaowachagua, ni kudhani kwamba mjumbe ni tarishi wa kupeleka madai na kurudi na majibu. Aliyechaguliwa huingia na sauti ya wenzake, lakini akishaketi wajibu wake ni kwa chuo kizima, akiwemo yule ambaye hakumpigia kura.

Kwanza, hutangaza maslahi yake. Ajenda ikifikia mkataba wa mishahara, mhadhiri mjumbe husema wazi kwamba jambo hilo linamgusa, na inapobidi hutoka chumbani. Pili, hutunza siri za mkutano. Tatu, hubeba uamuzi wa pamoja: anaweza kupinga na kutaka upinzani wake uandikwe kwenye kumbukumbu, lakini hawezi kuunga mkono ndani kisha akalaani nje.

Waliomtuma wanaweza kumwona msaliti. Atawaambia tu kwamba jambo limejadiliwa, wao watake kujua nani alisema nini. Ndiyo sababu mjumbe mwema huwaeleza mipaka yake kabla ya kupigiwa kura, si baadaye.

Thamani yake imo katika maswali. Mtu wa wizara huja na hesabu, mtaalamu wa fedha huja na mizania. Aliyechaguliwa ndiye anayeweza kuuliza: pesa za pensheni zilizokatwa kwenye mishahara zimefika? Maabara inayotajwa kwenye ripoti ina maji? Maswali kama hayo, yakiulizwa mapema, huweza kuzuia mgomo.

Linalomhusu mzazi

Chuo Kikuu cha Kabianga kule Kericho kilipata hati mwaka 2013 baada ya kulelewa na Moi, na Bomet ikapata chuo kishiriki cha Moi mwaka 2017. Mlezi mwenyewe akayumba: mnamo Oktoba 2024 Chuo Kikuu cha Moi kilifungwa huku wafanyakazi wakigoma kudai haki zao. Katika baraza lililopaswa kutafuta suluhu, sheria haikuwa na kiti cha mtu aliyechaguliwa na waliogoma wala na wanafunzi waliofukuzwa na ukimya wa madarasa.

Hadi sheria ibadilishwe, raia hajafungwa mikono kabisa. Uteuzi wa wajumbe wa kawaida unatakiwa kuwa wazi, na mhitimu mwenye sifa kutoka Longisa ana haki ya kuomba kama mwingine yeyote. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa Bungeni, na mbunge anaweza kuulizwa amefanya nini nazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Wakulima wa chai wamebishana miaka mingi iwapo kura za viwandani zihesabiwe kwa hisa au kwa vichwa. Huo ni ubishi wa watu walio na kura. Mzazi wa Longisa bado hajafika hapo, na sheria ya 2012 haitamfikisha ila Bunge likiamua kuifungua upya na kurejesha angalau kiti kimoja au viwili vya kuchaguliwa miongoni mwa vile tisa.