Tairi la Pikipiki Limeisha? Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Mhudumu wa bodaboda anayetoka Voi alfajiri akiwa na abiria wa kwenda milimani hupita barabara za aina tatu kabla jua halijawa kali. Kwanza ni lami hadi Mwatate. Kisha ni kona za kupanda Wundanyi, ambako ukungu huweza kulowesha barabara hata siku isiyo na mvua. Mwisho ni udongo unaoingia vijijini. Safari nzima, pikipiki hugusa ardhi mahali pawili tu, na kila mahali hapo si pakubwa kuliko kiganja cha mkono.

Pamoja na hayo, tairi ni kati ya vipuri vinavyonunuliwa kwa haraka zaidi. Linapasuka, mhudumu anasukuma mashine hadi dukani, anaitisha “la nyuma la Boxer”, analipa, fundi anafunga. Haraka hiyo inaeleweka. Saa moja ya kusimama ni wateja waliokwenda kwa mwingine, na kwa wale wanaoendesha pikipiki isiyo yao, jioni mwenye mashine anangoja hesabu yake. Lakini dakika mbili za kusoma maandishi ya ubavuni zinaweza kuamua kama abiria atafika.

Nambari zinazopuuzwa

Tuseme tairi limeandikwa 3.00-17 50P. Sehemu ya kwanza inafahamika na wengi: 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni kipenyo cha rimu ambayo tairi linaingia. Pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zinazobeba abiria hapa nchini huvaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwa rimu ya 17 au 18. Ukikosea hapo, fundi atakuambia mara moja kwa sababu tairi halitaingia.

Sehemu ya pili ndiyo inayopita bila kuangaliwa. Ile 50 haina maana ya kilo 50. Ni nambari ya orodha inayotumiwa na watengenezaji duniani, na inasema kwamba tairi hilo, likiwa na upepo wa kutosha, limeundwa kubeba hadi kilo 190. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa linaoweza kustahimili, kilomita 150 kwa saa, ambao hakuna bodaboda inayostahili kuufikia.

Sasa, kwenye rafu hiyo hiyo huenda kuna tairi jingine la 3.00-17 lililoandikwa 45P. Kwa macho ni mapacha. Kumbe 45 ni kilo 165. Tofauti ni kilo 25, sawa na nusu mfuko wa saruji, na huenda ndiyo sababu moja lina bei nafuu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pikipiki ya kilo 120, mwendeshaji wa kilo 70 na abiria wa kilo 70 ni jumla ya kilo 260. Abiria anapokaa nyuma, karibu theluthi mbili ya uzito huo huangukia gurudumu la nyuma, yaani zaidi ya kilo 170. Tairi la 45 limeshazidiwa kabla hata begi halijafungwa. Tairi la 50 linabeba na kubakiza nafasi kidogo. Ongeza abiria wa pili, au mfuko wa saruji juu ya keria, na hata hilo la 50 linapita kiwango chake.

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Wengi hukichukulia kama kisingizio cha kusimamishwa barabarani. Ukiyasoma matairi, utaona kwamba nambari zake zinasema jambo lile lile. Tairi lililozidiwa hupinda ubavuni kila linapozunguka, hupata joto, na nyuzi za ndani huanza kuachana kidogo kidogo. Kwenye lami ya Voi saa nane mchana joto hilo halina pa kwenda. Kupasuka kwake husingiziwa msumari.

Meno makubwa si dawa ya kila barabara

Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana linapendwa kwa sababu linaonekana imara. Kwenye matope ya mvua za Machi hadi Mei kweli linasaidia: meno yanauma udongo na matope yanatoka katikati yake. Kwenye lami mambo yanageuka. Kinachogusa barabara ni vichwa vya meno peke yake, kwa hiyo mpira unaoshika ni mchache, breki inachelewa na meno yanaliwa upesi. Anayefanya kazi kati ya stendi ya Voi na mitaa ya karibu ananunua hasara. Anayelala Mwatate na kupandisha vijijini kila siku anahitaji tairi la katikati, lenye meno mapana yaliyokaribiana na mifereji ya kutosha kutoa maji.

Kuna pia mtindo wa kuvalisha nyuma tairi pana kuliko lililowekwa na kiwanda ili libebe zaidi. Tairi likipanuka hukaribia cheni na kingo za fremu, na likiwa refu pia, injini hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi kwenye mlima. Anayetaka kubeba zaidi atafute ukubwa ule ule wenye nambari kubwa ya mzigo.

Jambo linalohitaji kusemwa bila kuzunguka ni la tairi la mbele. Kwa kuwa la nyuma huisha kwanza, wapo wanaonunua la nyuma peke yake miaka na miaka huku la mbele likibaki kipara. Wengine huhamisha la nyuma lililochakaa kulipeleka mbele. Mtu anapofunga breki, uzito wa mashine na watu hukimbilia mbele, na tairi hilo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Nyuma ikiteleza, mwendeshaji mzoefu ana nafasi ya kuirudisha. Mbele ikiteleza kwenye kona ya kuteremka kutoka Wundanyi, hana nafasi hiyo. Ndiyo sababu matairi mengi ya mbele yana mistari inayofuata mwendo wa gurudumu: yamechorwa kushika njia, na ya nyuma yamechorwa kusukuma.

Tairi limefika mwisho wakati meno yamelingana na vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Ubavuni kuna alama ya TWI au pembetatu inayoonyesha vilipo. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo hiyo kinataka chombo na matairi yake viwe katika hali isiyohatarisha watu, kwa hiyo kipara ni kosa hata kama ajali haijatokea. Tairi lililochongwa mifereji upya kwa kisu chenye moto nalo ni hatari, kwa kuwa kilichoondolewa ni mpira wa mwisho uliobaki juu ya nyuzi.

Umri, tyubu na upepo

Tairi huzeeka hata likiwa dukani. Tafuta nambari nne za mwisho kwenye msururu unaoanza na DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lililokaa miaka mingi, hasa lile linaloning’inizwa nje ya duka kwenye jua, mpira wake hukauka na kuwa mgumu. Linang’aa, lakini haling’ang’anii lami iliyolowa. Likunje kidogo ubavuni kwa mikono. Ukiona nyufa nyembamba, rudisha.

Rimu ya spoku kwa kawaida huhitaji tyubu. Ukinunua tairi jipya, nunua na tyubu mpya ya ukubwa huo huo. Tyubu ya zamani imeshavutika, na ikilazwa ndani ya tairi jipya hujikunja na kujitoboa yenyewe. Katika maeneo ya tambarare yenye miiba ya migunga, tyubu yenye viraka sita si akiba tena.

Bei nayo ifanyiwe hesabu ya miezi. Kwa mfano tu, tairi la shilingi 2,000 likidumu miezi minne limekugharimu 500 kwa mwezi. La shilingi 3,200 likidumu miezi minane limekugharimu 400, na umesimama kwa fundi mara moja badala ya mbili. Andika tarehe ya kila tairi unalofunga, hata kwa kalamu nyuma ya kitabu cha hesabu. Baada ya mwaka utajua lipi linakula pesa zako.

Wachache wenye pikipiki kubwa za michezo wana hesabu yao. Mashine hizo mara nyingi huvaa 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Rimu ni 17 kama ya bodaboda, lakini ufanano unaishia hapo. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye kona, hivyo huisha mapema. Tairi la mbele na la nyuma zichaguliwe kama jozi, kwa muundo alioruhusu mtengenezaji wa pikipiki. Tairi la bei rahisi lisilo na herufi ya mwendo wa mashine hiyo halifai, hata kwa “safari ya kurudi nyumbani tu”.

Kabla ya kuondoka kwa fundi, angalia mshale ubavuni: unatakiwa kuelekea upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Pima upepo kwa geji tairi likiwa baridi, si kwa kulipiga teke. Pikipiki nyingi za sisi 150 huhitaji takriban pauni 25 hadi 28 mbele, na zaidi ya 30 nyuma ukiwa na abiria, lakini kijitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa. Tairi jipya huwa na utelezi juu yake, kwa hiyo kilomita 150 za kwanza zisiwe za kulaza pikipiki kwenye kona wala kufunga breki kwa ghafla.

Na lile la zamani usimwachie mtu aliuze tena. Likate vipande viwili. Likiachwa zima nyuma ya nyumba, litajaa maji ya mvua, na mbu wanaoeneza homa ya dengue hutaga mayai humo.