Mapengo ya Msuko katika Filamu ya The African Queen: Watu wa Kungdu Walikwenda Wapi?

Kila masimulizi ya kunusurika, yawe ya jangwani, ya baharini au ya mtoni, humwachia mtazamaji maswali ya namna moja. Mhusika alikunywa nini siku zile zote? Na yule mwenziwe aliyeonekana mwanzoni, ameishia wapi? Wanafunzi wengi huyaita maswali haya "makosa ya filamu", wakayaacha hapo. Jina hilo halitoshi. Pengo katika msuko laweza kuwa kosa, laweza kuwa ufundi, na laweza kuwa jambo la tatu ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mfano unaochunguzwa uko karibu na Kisangani kuliko jangwa lolote: The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, ambayo sehemu yake ilipigwa Biondo, kando ya mto Ruiki, tawimto la Lualaba, upande wa Ubundu (wakati huo Ponthierville).

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwezi Septemba 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, askari wanakichoma kijiji cha misheni kiitwacho Kungdu. Mmisionari Samuel Sayer anapigwa, anaugua homa na kufariki. Dada yake Rose (Katharine Hepburn) anaondoka na Charlie Allnut (Humphrey Bogart) katika mashua yake chakavu ya mvuke. Wawili hao wanakusudia kuteremka mto Ulanga hadi ziwani, wakaizamishe manowari ya Wajerumani iitwayo Louisa kwa mabomu waliyoyatengeneza wenyewe.

Mapengo ya kwanza ni ya jiografia. Ulanga halisi uko kusini mwa Tanzania, na maji yake huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi; hauendi ziwa lolote. Mto wa filamu, kwa kweli, ni vipande vilivyoshonwa: vingine vya Ruiki, vingine vya Uganda (Butiaba na maporomoko ya Murchison), na vingine vya studio huko Uingereza, ambako waigizaji waliingia majini bila kuogopa kichocho wala mamba. Anayeufahamu msitu wa Ubundu ataona mandhari ikibadilika ghafla bila msuko kutoa sababu. Hata jina Kungdu linazua shaka, maana mfuatano wa konsonanti zake ni mgeni katika Kiswahili na katika lugha nyingi za Kibantu. Hapa pana uzembe mdogo, nao unasameheka.

Pengo la pili liko mwishoni. Mashua inapinduka usiku katika dhoruba. Ingawa imebeba injini na tangi la mvuke, vyuma vitupu, haizami moja kwa moja. Inaelea kifudifudi mpaka Louisa yenyewe inakuja kuigonga, wakati ule ule Rose na Charlie wanapongoja kunyongwa. Katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyo chanzo cha filamu, haiwi hivyo: jaribio la wawili hao linashindwa, na manowari inazamishwa na boti za Waingereza. Huston aliona, na pengine aliona vyema, kwamba mtazamaji aliyevumilia maporomoko, ruba na matete hatakubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Msimulizi wa ngano naye hufanya hivyo kila siku. Tofauti ni kwamba fanani ana hadhira mbele yake, mtoto akiuliza "ilikuwaje isizame?", hana budi kujibu. Filamu haiulizwi.

Mwananadharia Mjerumani Wolfgang Iser alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kila matini huwa na nafasi tupu ambazo msomaji hualikwa kuzijaza. Lakini kuna nafasi ambazo matini haimwaliki mtu kuzijaza, kwa kuwa haijui kwamba ziko. Katika The African Queen nafasi hiyo ni watu wa Kungdu.

Wanaonekana kanisani mwanzoni, wakiimba wimbo wasioujua huku Rose akipiga kinanda. Kisha askari wanawaswaga, nyumba zao zinateketea, na Allnut anaeleza kwa maneno machache kwamba Wajerumani wanawakusanya watu kwa ajili ya jeshi lao. Basi. Filamu haiwarudii tena. Hata vijana waliokuwa na Allnut chomboni mwanzoni hawaonekani katika safari. Hakuna Mwafrika anayeshiriki katika mazungumzo yanayousukuma msuko, wala haijulikani walisema nini walipochukuliwa. Kinachomnusuru nani, na nani hakunusurika, ni swali ambalo msuko umelifunga kabla halijaulizwa.

Historia inalifungua. Forester aliegemea tukio la kweli la Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, waliokata barabara na kujenga madaraja. Mahali ambapo maji ya matrekta yalikosekana, yalibebwa kwa vichwa. Kisha ziliteremka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli tena hadi Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Ile kubwa, Graf von Götzen, haikuzamishwa na shujaa yeyote: Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba.

Waliobeba vita hiyo ni wapagazi, wa pande zote, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu ni makumi ya maelfu. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoingia Tabora mwezi Septemba 1916 nalo lilitanguliwa na kufuatwa na misafara ya watu waliobeba mizigo. Hao ndio watu wa Kungdu. Filamu iliwapoteza, Kiswahili hakikuwapoteza: Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kiligeuzwa na ndimi za wenyeji kikawa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi, majina ya mitaa na masoko ambayo watu huyataja kila asubuhi waendapo kununua mboga.

Kwa mwalimu wa fasihi, zoezi lenye manufaa si kuorodhesha makosa ya Huston. Ni kuwapa wanafunzi mandhari ile ya kijiji kinachoungua, kisha kuwataka waiendeleze kwa kumfuata mmoja wa waliochukuliwa: njia aliyopita, mzigo aliobeba, na lugha aliyojifunza njiani kwa wapagazi wenziwe waliotoka mbali, ambao lugha za kwao hakuzijua.