Rovu: Tezi Iliyotii Amri

Siku hizi kila kitu ni "homoni zimevurugika". Msichana akitoka chunusi, homoni. Baba akiota kitambi, homoni. Na muuza unga wa majani ana kopo la kuzisawazisha zote kwa mpigo. Huo ni upuuzi. Insulini inatakiwa ipande ukishakula na ishuke ukikaa na njaa. Kotisoli huwa juu asubuhi na chini usiku wa manane. Homoni za hedhi hubadilika wiki hadi wiki. Kuzifanya zote zitulie mahali pamoja ni kumwua mtu.

Halafu si kila tezi ni ya homoni. Tezi dume, inayotajwa kuliko zote, hutoa majimaji ya shahawa na kuyapitisha kwenye vijia vyake. Mitoki inayovimba kinenani ukijikata mguu ni vituo vya kinga. Tezi za homoni hazina mrija. Humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu: pituitari chini ya ubongo, thairoidi shingoni, adrenali juu ya figo, ovari, korodani, na kongosho, ambalo lina kazi mbili. Nilipanga kuzipitia moja moja, lakini thairoidi ndiyo inayozushiwa mengi, na nyingi ya hizo nyingine hufuata kanuni ileile.

Thairoidi hutengeneza thairoksini, homoni inayoamua kasi ya mwili kutumia chakula, mapigo ya moyo, na ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kila molekuli yake ina atomi 4 za madini joto, yaani iodini. Pituitari huipima thairoksini iliyomo kwenye damu. Ikipungua, hutuma homoni ya kuihimiza thairoidi, ile ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa TSH. Ikitosha, pituitari hupunguza himizo. Kwa hiyo TSH ikisomeka juu, mara nyingi thairoidi inazalisha kidogo. Wagonjwa huisoma kinyume, wakatafuta dawa ya "kuishusha".

Sasa ondoa madini joto kwenye chakula. Pituitari inahimiza, malighafi hakuna, inahimiza zaidi. Tezi inafanya kama kiwanda kilichoamriwa kuongeza nguo wakati pamba haijafika: inaongeza mashine na kupanua majengo. Tezi ya gramu 20 hivi inaweza kuzidi mara kadhaa. Hilo ndilo rovu. Mchawi hahusiki, wala haliambukizwi kwa kunywea kikombe kimoja. Lilienea Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwa kuwa mvua za miaka na miaka zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo wa milimani.

Ila Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, kiliwasumbua watafiti wa Ubelgiji katika miaka ya 1960. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na lilikuwa nadra kusini-magharibi. Mmoja wa wahusika aligundulika kuwa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, nayo huyazuia madini joto kuingia kwenye tezi. Wapo waliodakia hapo kwamba muhogo huleta rovu. Hapana. Muhogo ulioloweshwa na kuanikwa vizuri hupoteza sehemu kubwa ya sumu, na anayepata madini joto ya kutosha anaumudu. Watu wa pwani wanakula muhogo na samaki wa baharini vizazi na vizazi.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Akikosa mjamzito, mtoto huathirika ubongo, na hasara hiyo hairudishwi. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto miaka ya 1980, kisha ikaagiza yawekwe kwenye chumvi miaka ya 1990. Wala zaidi si bora: Zimbabwe na Kivu, chumvi iliyozidishwa madini hayo iliwafanya baadhi ya wenye rovu la muda mrefu wapate mapigo ya moyo ya kasi, hivyo achana na vidonge vya mwani vinavyouzwa mitandaoni. Rovu linalokua haraka, lenye vinundu au linalokausha sauti linahitaji hospitali.

Chumvi ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko na uitie chakula kikikaribia kuiva. Ukikuta ya mawe inapimwa kwa kopo sokoni, muulize muuzaji kama ina madini joto. Asipojua, nunua ya pakiti.