Mpira wa Pete: Goli la Mbali Halitaki Nguvu

Mfungaji wa mpira wa pete anayekosa goli la mbali huambiwa aongeze nguvu. Ni ushauri wa viwanja vingi, na hata pale Butimba, Mwanza, kwenye chuo cha ualimu ambako UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, zimewahi kuchezwa, si ajabu kuusikia. Unatolewa kwa nia njema, lakini fizikia ya mrusho haiukubali. Goli la mbali hupatikana kwa kuchagua njia ya mpira hewani, na njia iliyo bora haidai misuli mingi kuliko ile mbaya.

Tuanze na vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyombana mfungaji. Pete iko mita 3.05 juu ya ardhi, kipenyo chake ni milimita 380, na haina ubao wa kuurudisha mpira. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22 na ushee. Ukishuka wima, unabakiwa na sentimita 16 hivi za kuchezea. Lakini mpira wa mbali haushuki wima. Huja kwa mshazari, na pete inayoelekewa kwa mshazari hujibana kama mdomo wa sufuria unaotazamwa na mtu aliyechuchumaa. Mpira ukija kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 36 hivi, hauwezi kupita bila kugusa chuma.

Sasa mchukulie msichana anayeachia mpira katika kimo cha mita 2.05, akiwa mita 4.5 kutoka katikati ya pete, karibu na ukingo wa nusu duara la kufungia. Tukiuweka kando ukinzani wa hewa, mrusho unaodai kasi ndogo kuliko yote ni wa nyuzi 51, kwa mita 7.4 kwa sekunde. Mpira huo unafika kwenye pete kwa nyuzi 39 tu, na nafasi iliyobaki haifiki hata sentimita 2. Akiuinua mrusho hadi nyuzi 57, kasi inapanda hadi mita 7.5 tu, lakini mpira unaingia kwa karibu nyuzi 48 na nafasi inakuwa karibu sentimita 6. Nyuzi 6 zimeongeza nafasi zaidi ya mara 3, kwa gharama ambayo mkono hauihisi. Sioni zawadi kubwa kuliko hiyo katika mchezo huu, na inasikitisha kwamba wengi hawaichukui.

Mtu atauliza: kama kupandisha kunafaa, kwa nini usipandishe zaidi, hadi nyuzi 70? Hapo bei inabadilika. Kasi inayotakiwa inazidi mita 8.6 kwa sekunde, yaani nishati karibu theluthi moja zaidi ya ile ya nyuzi 57. Mwaka 1998 Christopher Harris na Daniel Wolpert walieleza katika jarida la Nature kwamba ishara inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli ina mtikisiko ndani yake, na mtikisiko huo hukua kadiri ishara inavyokuwa kubwa. Anayerusha kwa nguvu zaidi hukosea zaidi, hata akiwa makini kiasi gani. Kwa Mwanza kuna upepo pia. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka Ziwa Victoria huingia kujaza nafasi, alasiri hasa, saa zile wanafunzi wanapotoka darasani kwenda uwanjani. Mrusho wa nyuzi 57 unakaa hewani sekunde 1.1, wa nyuzi 70, sekunde 1.5. Kwa kuwa kusukumwa pembeni hukua kwa mraba wa muda, mpira wa juu sana hupeperushwa karibu mara mbili ya ule mwingine.

Makocha wana hoja nyingine nzito: mchezaji arudie mahali pamoja mpaka mwili uzoee. Ni kweli kwamba utafiti wa Keetch na wenzake wa mwaka 2005 uliwakuta wachezaji wazoefu wa mpira wa kikapu wakiwa na ustadi wa pekee kwenye mstari wa mitupo huru, kuliko umbali wa jirani ungetabiri. Lakini kikapu kina mstari huo usiohama. Mpira wa pete hauna. Hata penalti hupigwa pale kosa lilipotokea. Kinachoufaa zaidi ni kile walichokiona Kerr na Booth mwaka 1978: watoto wa miaka 8 waliojizoeza kurusha vifuko vya maharage kwa umbali wa futi 2 na futi 4 walilenga vizuri zaidi kwenye futi 3 kuliko wenzao waliojizoeza futi 3 peke yake.

Wengine watasema, tafuteni tu msichana mrefu akae chini ya pete, kama mfungaji Peace Proscovia wa Uganda mwenye zaidi ya mita 1.9. Shule nyingi hazina msichana wa kimo hicho. Tena, kila pasi ya kumfikia inaweza kunaswa, wakati anayefunga kutoka mbali humlazimisha beki kutoka chini ya nguzo. Ligi ya Australia iliona thamani hiyo mwaka 2020 ilipoamua kuhesabu pointi 2 kwa goli la kati ya mita 3.0 na 4.9, katika dakika 5 za mwisho za kila robo.

Mazoezi ya goli la mbali hayahitaji fedha. Kamba ifungwe kwenye fito mbili, sentimita 85 juu ya usawa wa pete, kama mita 2 mbele yake. Kwa anayerusha kutoka mita 4.5, mpira unaopita juu ya kamba kwa vidole viwili au vitatu uko karibu na nyuzi 57. Baada ya hapo kamba iondolewe na umbali ubadilishwe kila mrusho. Kasi ya ziada itoke kwenye magoti, mkono ubaki na mwendo wake uleule, kwanza asubuhi upepo ukiwa umetulia, kisha alasiri.