Gugu Linalofanana na Wimbi Lina Thamani Gani?

Mkulima wa wimbi katika Kaunti ya Busia analijua gugu hili. Huota pamoja na wimbi wa shambani, majani yanafanana, na wakati wa palizi ya kwanza hata mikono yenye uzoefu hukosea. Tofauti hujitokeza mbegu zikikomaa. Za wimbi wa shambani hubaki kwenye shuke zikisubiri kisu. Za gugu hupukutika zenyewe.

Hilo ni wimbi mwitu, na ndilo asili ya wimbi unaosagwa kwa uji na ugali. Yote miwili hujichavusha, yaani ua hupokea chavua yake lenyewe. Katika wimbi wa shambani, takriban mbegu moja tu kwa kila mia hutokana na chavua ya mmea jirani.

Kujichavusha kuna matokeo yake. Tuseme mmea una jozi 16 za jeni zilizochanganyika. Watoto wake watabaki na wastani wa jozi 8, wajukuu 4, kisha 2, kisha 1. Baada ya vizazi vichache, kila ukoo huzaa mimea inayofanana kama pacha.

Je, basi mimea yote ya sehemu moja ni sawa? La. Nchini Marekani, Robert Allard na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza oti mwitu, ambao pia hujichavusha. Walikuta koo nyingi tofauti zikiishi bega kwa bega. Kule kuchanganyika kwa nadra kulitosha kuleta koo mpya.

Hata hivyo, kwa mimea ya aina hii tofauti kubwa huwa baina ya sehemu na sehemu. Wimbi mwitu wa kando ya mto unaweza kuwa na jeni ambazo haupo mwingine wenye nazo kilima cha pili. Kichaka hicho kikifyekwa chote, zimekwenda. Huenda miongoni mwake ni jeni ya kustahimili kuvu inayokausha shingo ya shuke, ugonjwa unaowatia hasara wakulima wa magharibi mwa Kenya.

Ndiyo maana wanaokusanya mbegu za kuhifadhiwa, kama zile za Benki ya Kitaifa ya Jeni iliyoanzishwa Muguga mwaka wa 1988, hufaidika zaidi kwa kuchukua kidogo kutoka sehemu nyingi kuliko gunia zima kutoka sehemu moja.

Hakuna anayemwambia mkulima aache gugu shambani. Lingʼolewe kabla halijapukutisha mbegu, kwa sababu likichanganyika na wimbi, watoto wao huweza kupukutika vilevile. Mbegu za msimu ujao zichaguliwe katikati ya shamba, mbali na kingo. Lakini wimbi mwitu ulio mbali na mashamba, kando ya mito na njia, hauna sababu ya kuchomwa. Anayeuona kwa wingi anaweza kumwarifu afisa wa kilimo wa wadi yake.