Saratani ya tumbo: Je, samaki wa kukaushwa ana lawama?

MAMA mmoja wa makamo, mchuuzi wa samaki kutoka Homa Bay, aliketi mbele yangu akiwa amekonda sana. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akinunua dukani vidonge vya kutuliza asidi kila aliposhikwa na kiungulia. Alipopimwa kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni hadi tumboni, alipatikana na saratani ya tumbo.

“Daktari,” aliniuliza, “ni samaki wangu walionifanyia haya?”

Swali hilo ni zito kwa wakazi wa Migori na Homa Bay. Kuanzia Muhuru Bay na Karungu hadi Mbita na Kendu Bay, samaki ndiye kitoweo na ndiye karo ya watoto. Kuna omena wa kuanikwa juani, obambla aliyepasuliwa na kukaushwa, mbuta wa kukaangwa moshini, na “mgongo wazi” kwa wasiomudu minofu. Je, chakula hiki kina hatari?

Mshukiwa mkuu si samaki. Ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye huishi katika ukuta wa tumbo. Madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, ndio waliomtambua. Mwaka wa 1984 Marshall alimeza bakteria hao mwenyewe ili kuonyesha kwamba huleta uvimbe wa tumbo, na mwaka wa 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka bakteria huyu miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka wa 1994.

Wengi wetu humpata tungali watoto, kutoka kwa watu wa nyumbani au kwa maji na chakula kisicho safi. Msomaji asiingiwe na hofu: wengi walio naye hawapati saratani kamwe. Hapa ndipo chakula kinapoingia.

Chumvi nyingi huchubua utando unaolinda tumbo, na tumbo ambalo tayari limevimba kwa sababu ya bakteria huumia zaidi. Nyama na samaki waliohifadhiwa kwa chumvi nyingi au moshi mzito huweza pia kuwa na kemikali zinazoharibu chembechembe za mwili. Madhara hayo hujikusanya kwa miaka mingi. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, ugonjwa huu ulipungua sana katika karne iliyopita, na moja ya sababu zinazotajwa ni jokofu: watu walipata vyakula vibichi na matunda, wakaacha kutegemea vya chumvi. Hata hivyo, bado ni tishio. Mwaka wa 2022 watu karibu 970,000 duniani waligunduliwa kuwa nao, na karibu 660,000 walifariki.

Tule nini basi?

Omena aliyeanikwa juani bila chumvi hana lawama hii. Ni chakula bora chenye protini na madini, na itakuwa hasara kubwa familia ikimwacha kwa uvumi. Kwa samaki wa chumvi, mloweke majini, umwage maji hayo, kisha umpike bila kuongeza chumvi nyingine. Samaki wa moshi asiwe mlo wa kila siku. Mbadilishe na ngege au mbuta mbichi unapoweza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa pomoni. Hesabu hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo katika vikolezo vya pakiti. Chumvi ya kunyunyiza mezani iondolewe kabisa.

Kando ya samaki, weka mboga: mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, mgagani, kunde na mlenda. Zisichemshwe kwa saa nyingi, kwani joto huua vitamini C. Ongeza mapera, machungwa au papai. Uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe kupita kiasi pia huongeza hatari.

Dalili zisizopuuzwa

Mwone daktari ikiwa una kiungulia au maumivu ya tumbo yasiyokwisha, unashiba baada ya matonge machache, unatapika mara kwa mara, unakonda bila sababu, chakula kinakwama, au unapata choo cheusi kama lami. Vidonge vya asidi vinaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea kukua.

Bakteria huyu hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Akipatikana, hutibiwa kwa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Usijinunulie dawa hizo ovyo, wala usiziache katikati, kwa maana bakteria atakuwa sugu.

Nilimjibu yule mama kwamba hakuna daktari awezaye kusema kwa hakika ni kitu gani kilichomletea ugonjwa. Huenda bakteria alimwingia utotoni, na chumvi ya miaka mingi ikasaidia. Nililokuwa na hakika nalo ni kwamba watoto wake walihitaji kupimwa, kwa kuwa jamaa wa karibu wa mgonjwa wako katika hatari zaidi. Juma lililofuata alikuja nao wote watatu.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kiungulia cha mwaka mzima ni mwiba. Usikidharau.